Punje za Mtu Mpole

Satini haitunzi siri. Mtu mwenye mikono mikavu akiipapasa, inamsema hapo hapo: inatoa mlio mdogo wa kukwaruza, kisha uzi mmoja unavutika na kuacha mstari ambao hata pasi haiufuti. Fundi aliyeitwa Bwana Satini na mtaa mzima aliujua mlio ule vizuri mno, na kwa sababu yake alikuwa ameacha kabisa kugusa kitambaa cheupe.

Ilikuwa ni pumu ya ngozi, na alikuwa nayo miaka mingi. Ilianza kama mwasho katikati ya vidole, ikatambaa mpaka kwenye viganja, ikatulia huko kama mgeni asiyejua kuaga. Ngozi ilikuwa nene, ikitoka magamba, na kwenye maungio ya vidole ilipasuka mistari myekundu iliyomchoma akishika ndimu, sabuni, hata gazeti. Kliniki ya ngozi walimpa dawa ya kupaka. Akipaka, mikono inalainika. Akiacha, ugonjwa unarudi kama mtu aliyetukanwa. Daktari wa kule alimweleza bila kumficha kwamba ugonjwa wa namna hii hupoozwa, haufukuzwi. Bwana Satini, ambaye maisha yake yote alikuwa akifumua mshono mbaya na kuushona upya ukanyooka, hakulipenda hilo neno kupoozwa.

Kazi ikagawanywa. Yeye akabaki na suti na makoti, vitambaa vizito visivyojali vimeshikwa na nani. Magauni ya harusi yakaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye walishirikiana naye chumba cha ushonaji. Shemeji huyo aliitwa Spidi, na jina lilimkaa kama lilivyopimwa. Alishona kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mishono yake ilishika, hilo huwezi kumnyima, ila ilikwenda njia yake yenyewe, na Bwana Satini kila siku alikuwa akimgombeza, akimfumulia kazi mbele ya wateja, na kumwambia kwamba mstari ulionyooka ni mmoja tu na iliyopinda ni mingi isiyo na idadi. Spidi alikuwa akiitikia "Sawa shemeji," na kuendelea kupinda.

Mambo yangeendelea hivyo kama binti yake Bwana Satini, kitinda mimba wake, asingepata mchumba. Siku alipokuja kuleta habari, mjomba wake, yaani Spidi, alikwisha kulamba kidole na kufungua kitabu cha mitindo. Binti akakifunga kile kitabu taratibu, akamgeukia baba yake.

"Baba, gauni langu utalishona wewe. Kama si wewe, nitaolewa na sketi yangu ya kazini."

"Mwanangu, mikono yangu si unaiona?"

"Naiona tangu nizaliwe. Itafutie dawa."

Spidi alicheka, akasema hakukasirika, ila leo amejua cheo chake katika ukoo huu: fundi wa kushonea watu baki. Bwana Satini hakucheka. Harusi ilikuwa bado miezi kadhaa, na yeye alijua kwamba gauni la namna ile halishonwi na mikono iliyofunikwa na magamba. Alikunja vidole, akavikunjua, akaitazama mikono yake kama watu wawili waliomwangusha.

Mama mmoja aliyekuja kupunguziwa koti ndiye aliyemtajia daktari wa homiopathi. Alisema mwanawe alikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni, akapewa punje tamu ndogo kama mtama, na sasa anatembea na mikono wazi. Bwana Satini hakuamini, wala hakukataa. Aliuliza tu ofisi iko wapi.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la miwani, mwisho wa ngazi nyembamba. Mkewe alimsindikiza. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta, si koti jeupe, na nyuma yake palikuwa na rafu ya vichupa vya rangi ya kahawia, vimepangwa hata vinapendeza. Mikono aliitazama kidogo tu, kama mtu anavyotazama bahasha kabla ya kuifungua. Halafu akachukua kalamu, akamwambia kwamba yeye hatibu ngozi, anatibu mwenye ngozi. Watu kumi wenye pumu ya ngozi wanaweza kutoka kwake na dawa kumi. Kwa hiyo angependa kujua Bwana Satini ni mtu wa namna gani.

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alijikuta amekaa wima kama mtahiniwa. Daktari alitaka kujua kama anapenda baridi au joto, chumvi au sukari, analala ubavu gani, anaota nini, analia mbele za watu au peke yake. Bwana Satini aliheshimu maswali, na aliamini kila swali lina jibu lake sahihi. Kazi ya mwenye kuulizwa ni kulibahatisha. Kupenda baridi kulionekana ni jibu la watu wazembe, kwa hiyo akasema anasikia baridi sana na hupenda kuvaa nguo nzito. Sukari ni ya watoto, akasema anapenda chumvi. Ndoto hakuwa nazo, lakini kuacha nafasi tupu kulimtia haya, akasema anaota maji. Akiwa anajibu, akaona ukingo wa kitambaa cha mezani umekunjika, akaunyoosha.

"Na hasira?" aliuliza daktari. "Huwa unakasirika?"

"Hapana."

Mkewe akakohoa.

"Hata kazi ikiharibika?"

"Naongea na mtu kwa upole. Nikishindwa, namwachia afanye anavyoona yeye."

Hapo mkewe aliinama, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta kwa muda mrefu. Si mwanamke wa kumkanusha mumewe mbele ya mgeni.

Daktari alipomaliza kuandika alichagua kichupa, akamimina punje kwenye bahasha, na kwa kuwa aliulizwa, akaeleza zinavyotengenezwa. Dawa yenyewe huchukuliwa tone moja, likatiwa kwenye maji mengi, yakatikiswa. Katika maji yale huchukuliwa tone tena, likatiwa kwenye maji mengine, na hivyo hivyo mara nyingi, mpaka mwisho kilichobaki huwezi kukiona wala kukipima. Kadiri inavyopungua, alisema, ndivyo inavyopata nguvu. Bwana Satini aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akakatazwa kahawa, kafuri na minti, hata ya dawa ya meno, na akaambiwa asitupe kile alichopewa kliniki.

"Hii inamfaa mtu kama wewe," alisema daktari akimkabidhi. "Angekuwa mtu mwingine ningempa nyingine."

Njiani walipita duka la viatu. Mkewe akasema, "Yule bwana uliyemweleza daktari, hivi anaishi wapi? Ningependa kuolewa naye."

"Unamaanisha nini?"

"Mpole, anasikia baridi, anaota maji. Mimi nimelala na wewe ujana wangu wote, dirisha wazi, unapiga kelele usingizini kumgombeza Spidi. Maji hayo yalitoka wapi?"

Bwana Satini alisimama katikati ya njia. Ndipo alipoona alichokifanya. Dawa ilikuwa imechaguliwa kwa kipimo cha mtu, na mtu aliyepimwa hakuwa yeye. Kurudi na kupanda zile ngazi kusema "Daktari, nilikudanganya" ilikuwa nje ya uwezo wake, angekufa kwanza. Lakini alikuwa fundi, na ufundi wake ulimpa njia. Mara ngapi mteja amekuja kupimwa akiwa amebana tumbo, suti ikakatwa kwa tumbo lile la kubana? Kitambaa kikishapitiwa na mkasi hakirudi. Mteja mwenye akili hurudi nyumbani akapunguza tumbo. Basi na yeye, kama punje zimekatwa kwa mtu mpole, mtu mpole ndiye atakayevaa.

Akamweleza mkewe. Mkewe alimtazama usoni kwa makini, aone kama anatania, akaona hatanii.

"Utaweza?"

"Nitajitahidi."

"Basi anza leo," alisema mkewe, "maana nina mambo yangu nimeyaweka."

Alianza siku ile ile. Alivaa sweta joto likiwa linawaka nje, jasho likimtiririka mgongoni. Alikula chumvi mpaka ulimi ukafa ganzi. Alisugua meno kwa chumvi pia, kwa ajili ya kuikwepa minti. Na hasira aliimeza. Kabati la chumba cha kulala likahamishiwa pale alipokuwa amekataa lisiwekwe. Dirisha likafungwa. Mkewe akamletea glavu nyeupe za pamba na mkebe wa mafuta mazito ya kupaka, vile vitu ambavyo kliniki walimshauri zamani akavikataa, akisema mwanamume mzima hawezi kulala amevaa glavu kama mchezesha mazingaombwe. Sasa alinyoosha tu mikono, akapakwa, akavishwa. Mkewe akamwambia pia aache kunawa kwa sabuni ya unga kila anapotoka kushika chaki, akaacha.

Kazini Spidi aliposimuliwa habari za matone na maji, alisimamisha cherehani.

"Yaani dawa inapunguzwa mpaka haipo, ndipo inafanya kazi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi shemeji, kuanzia leo tusipoteze umeme kwa pasi. Tutakuwa tunakionyesha kitambaa picha ya moto."

Zamani neno kama hilo lingemrudishia vumbi la chaki usoni. Bwana Satini alimeza mate, akasema, "Ni wazo, shemeji." Spidi alimkodolea macho kama aliyeona sanamu ya dirishani imepiga chafya. Alipojua siri ya upole ule, hakuchelewa. Redio ikaingia chumba cha kazi, ikapigwa kwa sauti ya kuudhi. Uzi mzuri ukabadilishwa na wa bei poa. Kila Bwana Satini alipofungua mdomo, Spidi alinyanyua kidole na kusema, "Shemeji, dawa," naye akaufunga.

Mwanzoni mikono ilizidi kuwa mibaya. Iliwasha mpaka alitamani kuisugua ukutani, na mipasuko ikaongezeka. Alimpigia simu daktari, ambaye hakushtuka. Alimwambia wakati mwingine ugonjwa huinuka kabla ya kuondoka, na hiyo huwa dalili njema. Ila kukitokea usaha au homa aende hospitali moja kwa moja, asimsubiri yeye. Bwana Satini akauliza atajuaje kama ugonjwa unainuka ili uondoke au unainuka ili ukae vizuri. Daktari akasema tutaona. Alikata simu akikumbuka kwamba kliniki nao walimwambia tutaona, na akashangaa elimu mbili zinazopingana zimekutanaje katika neno moja. Jambo lililomsumbua zaidi ni hesabu yake: ukipata nafuu, dawa imefanya kazi, ukizidiwa, dawa imefanya kazi, usipoona kitu, dawa inajiandaa. Fundi anayeongea hivyo na wateja angefungiwa duka.

Kisha, bila kutangaza, mikono ikaanza kupona. Magamba yalipungua, mistari myekundu ikafunga, kiganja kikaanza kuonekana tena kama kiganja cha mtu. Asubuhi moja, Spidi akiwa hajafika, alifunga mlango, akafungua jora la satini, akateremsha mkono juu yake. Hapakuwa na mlio. Akarudia kwa mkono wa pili. Kimya. Alikaa chini.

Nyumba nzima ilifurahi, na kila mtu akadai uponyaji ni wake. Mkewe alisema ni glavu na mafuta, na ni ujinga wake kuvikataa miaka yote. Spidi alisema ni kuacha kunawa kwa sabuni kali, jambo ambalo hata mtoto angelitambua. Daktari kwa simu alisema ni punje. Bwana Satini hakumbishia yeyote, maana hakuruhusiwa kubisha, lakini moyoni alishuku kitu kingine: ni ule upole. Aliona waziwazi kwamba tangu aache kuwa yeye, mikono imetulia. Wazo hilo lilimtisha. Likawa linamfuata kama kivuli: huenda ugonjwa wenyewe alikuwa ni yeye.

Kwa hiyo gauni la binti yake alilikata kwa mikono yake mwenyewe, kama alivyoahidi, lakini alilikata akiwa mtu mpole. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mkewe alitaka kola ndefu ya kufunika shingo, kwa heshima, akaweka kola. Mama mkwe mtarajiwa alituma ujumbe kwamba angependa mkia mrefu wa kuburura; akaweka mkia. Spidi alikuwa na mabaki ya lesi na shanga kutoka magauni ya wateja wengine, akasema ni dhambi kuvitupa; akamwachia aviweke popote anapoona panafaa, na Spidi aliona kila mahali panafaa. Mikono ya gauni aliishona Spidi kwa cherehani, kwa sababu aliomba. Bwana Satini aliuona mshono wa bega la kushoto umepanda juu kuliko wa kulia. Aliuona tangu siku ya kwanza. Ulimnyima usingizi, glavu zimelala juu ya blanketi kama mikono ya maiti. Lakini kila asubuhi alisema, "Ni sawa tu, shemeji."

Ilipofika siku ya kujaribisha, binti aliingia nyuma ya pazia, akakawia, akatoka. Alisimama mbele ya kioo. Kola ilimfika masikioni. Shanga zilimshuka kifuani kama mvua iliyopotea njia. Mkia ulikuwa bado unatoka nyuma ya pazia. Mama yake alipiga makofi mawili, la tatu likakosa nguvu. Spidi alipunguza redio, kwa heshima.

"Baba," alisema binti, "hili gauni limeshonwa na nani?"

"Sote, mwanangu. Kila mtu ametoa chake."

"Mimi nilikuomba wewe."

"Na mimi nimeshona. Tazama mikono ilivyopona."

Binti aliishika ile mikono, akaigeuza juu na chini. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakumwagika. "Imepona," alisema. "Lakini wewe uko wapi? Bega limepinda, Baba. Mimi nimeliona, na sijui hata kutunga uzi. Wewe hukuliona?"

Bwana Satini alifungua mdomo. Spidi, kwa mazoea, akaanza kunyanyua kidole, akakitazama, akakishusha.

Bwana Satini alivaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa daktari, akapanda zile ngazi akihema. Alikuwa na ombi moja, na alipolisema, yeye mwenyewe alisikia lilivyo la ajabu: alikuja kuomba ruhusa ya kukasirika, kwa muda, mpaka gauni liishe, kama haitaharibu dawa. Ikabidi aeleze. Akaeleza baridi ya uongo, chumvi ya uongo, maji ya ndotoni ambayo hakuwahi kuyaota, na jinsi alivyojibana ili aenee kwenye dawa ya mtu mpole.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili lake, akasoma, akalifunga.

"Mimi sikukupa dawa ya mtu mpole," alisema.

"Ulinipa ipi?"

"Ulipokuwa unaniambia hukasiriki, ulikuwa unanyoosha kitambaa changu cha meza kwa kucha, umekunja uso. Na mkeo alikuwa karibu kutumbukia kwenye mkoba. Nikaandika dawa ya mtu mkali anayependa mambo yanyooke."

Bwana Satini alihisi ngazi zinazunguka, ingawa alikuwa amekwisha kuzipanda. "Kwa hiyo muda wote nimejitia upole ili dawa inifae, na dawa ilikuwa ya yule niliyemficha?"

"Ndiyo."

"Na bado mikono imepona."

"Imepona," alikubali daktari, lakini sasa na yeye alikuwa anakuna shingo kwa kalamu. Akauliza kama kuna kitu kingine alichokuwa akipaka. Bwana Satini akamtajia mafuta mazito na glavu. Daktari akauliza tangu lini. Tangu nilipoanza upole, akasema, kwa sababu kabla ya hapo nisingekubali. Na sabuni kali? Nimeiacha siku hizo hizo. Daktari aliandika mstari, akaukata, akaandika mwingine, akaukata nao. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Ningependa kukwambia ni punje," alisema mwishowe. "Lakini sijui."

"Na kukasirika?"

"Hilo mimi sina kipimo chake, bwana."

Akarudi akitembea polepole. Alikuwa amekwenda na fundo moja, akatoka na mafundo matatu. Huenda mikono ilipona kwa punje, basi upole haukuhitajika. Huenda ilipona kwa glavu, basi upole ulihitajika, maana mtu mkali hakubali glavu. Huenda ni hasira yenyewe iliyokuwa ikimtafuna ngozi, basi akikasirika leo, kesho hana mikono, na gauni halijaisha. Alifika mlangoni pa chumba cha ushonaji akasimama, hajui aingie kama nani. Ndani Spidi alikuwa ameinama juu ya gauni, akiongeza shanga.

"Zima redio," alisema Bwana Satini.

Redio ikazimwa.

"Shemeji, toka kwenye kiti."

Spidi aliinuka. Hakuwa anatania alipouliza, "Samahani shemeji, huo ni upole au ukali? Nijue nitokeje."

"Sijui. Toka tu."

Alichukua kisu cha kufumulia, akaanza na lile bega. Alifumua mkono wa kushoto, akafumua wa kulia, akakata mkia, akang'oa shanga moja moja huku nyingine zikirukia chini ya meza. Mkewe alipokuja kutetea kola yake aliikuta imekwisha kuwa kitambaa cha kufutia chaki. Alishika kiuno, akasema yule mume wake mwingine alikuwa na adabu. Bwana Satini akasema ukimwona nisalimie. Mkewe alikasirika, akatoka, akarudi na chakula kisicho na chumvi nyingi, akakiweka mezani bila neno.

Alishona lote upya, kwa mkono sehemu zilizostahili mkono. Hakuacha punje, hakuacha glavu, hakurudia sabuni, kwa kuwa hakujua ni lipi kati ya hayo linalomshika mkono na lipi linalomsindikiza tu. Hata hivyo, hazikupita siku nyingi dole gumba la kulia likaanza kuwasha. Akalitazama kwenye mwanga. Palikuwa na mstari mwembamba, mwekundu kidogo. Huenda ni sindano. Huenda ni hali ya hewa, maana baridi ya kweli ilikuwa imeanza. Huenda ni kwa sababu jana alimtukana Spidi mara moja, tusi la wastani. Alipaka mafuta, akageuza mkono, akawa anailaza satini kwa mgongo wa kiganja badala ya kiganja chenyewe, na kazi ikaendelea, taratibu zaidi, mshono kwa mshono.

Binti alipokuja kujaribisha tena, ilibaki pindo tu. Gauni halikuwa na kola, halikuwa na mkia, halikuwa na shanga hata moja. Lilimshuka kutoka mabegani kama kwamba halikushonwa bali lilimwagwa. Alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akaangalia bega la kushoto, akaangalia la kulia. Spidi, ambaye alikuwa ameapa hatatia mguu, alichungulia akasema kwamba sawa, amekubali, ila wangemwachia shanga mbili tatu.

Bwana Satini alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimejaa mdomoni, akipima pindo. Mkewe aliuliza kutoka mlangoni kama lile dole gumba bado linawasha. Akatikisa kichwa kukataa. Halafu akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Halafu akainua mabega. Mkewe na Spidi wakatazamana, hakuna aliyejua wamejibiwa nini.

Binti alikuwa akimtazama ndani ya kioo, anacheka, na katika kucheka akapinda upande mmoja. Bwana Satini alitoa pini mdomoni.

"Simama wima, mwanangu," alisema kwa ukali. "Pindo linanidanganya."